Mjomba kanikataza salamu, jirani kanipa kazi

Shikamoo Shangazi.

Naandika kutoka kijiji kimoja cha Newala. Jina la kijiji naliacha kwa sababu huku kila mtu ananijua kwa mashine yangu. Nina miaka 32, mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kupulizia mikorosho dawa, salfa. Maua yakianza kuchomoza mimi sina usingizi tena. Alfajiri umande ungalipo niko shambani, mashine mgongoni, kitambaa usoni, na upepo ukianza kuamka ndipo narudi.

Mashine hiyo alininunulia mjomba. Baba aliachana na mama nikiwa darasa la nne, akarudi kwao, na kama unavyojua, kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Alinisomesha mpaka kidato cha nne. Ndoa yangu aliisimamia yeye. Nikiumwa ni yeye, nikikwama ni yeye.

Tatizo ni Mzee S., jirani yetu wa shamba. Wazee wa mjomba waliwahi kuweka rehani mikorosho kwa wazee wa Mzee S. mwaka wa njaa, mimi sijazaliwa. Mjomba anasema deni lililipwa likaisha. Mzee S. anasema lililipwa nusu. Karatasi hakuna, mashahidi wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo katikati ya mashamba kuna mstari wa mikorosho kama ishirini ambayo kila msimu wa kuokota inaleta matusi. Msimu mmoja mapanga yalitoka. Hakuna aliyekatwa, ila tangu siku ile nyumba hizi mbili hata kuzikana hazizikani.

Mwaka jana Mzee S. alichaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, ushirika tunakopeleka korosho. Mjomba akahamisha korosho zake, sasa anazipeleka kupimwa chama cha kijiji cha pili na analipia usafiri, ilimradi zisipande kwenye mizani ya mtu huyo.

Juzi Mzee S. kaniita. Anataka nimpulizie shamba lake lote msimu huu, mikorosho mia mbili na kitu, raundi zote. Salfa yake, petroli yake, nusu ya hela kabla sijaanza, na bei kwa mti ameiongeza juu ya ile wanayolipa wengine. Akasema, "Kijana, mimi na wewe hatuna neno." Nilipoaga akanitupia swali kama mzaha: "Hivi mjomba wako lile suala la mpaka bado analifikiria?" Nikacheka tu, nikaondoka.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mjomba hakuniuliza kazi wala hela. Alisema, "Ukimsalimia tena yule mtu, usiniite mjomba." Ujanani alikuwa akibeba mizigo Nachingwea wakati wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Mreno, wako kambini, na jambo hilo halimtoki mdomoni. Akaniambia, "Sisi tulipokuwa na FRELIMO hatukumpa Mreno mkono. Adui wa rafiki yako ni adui yako, basi."

Mke wangu anasema hela ni hela. Na kuna jambo lingine linalonisumbua: mwaka jana Mzee S. alichelewa kupulizia, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaanzia kwake ukaingia kwetu. Shamba la mjomba nilikuwa nimelipulizia kwa mikono yangu, lakini maua mengi yalikauka vilevile.

Shangazi, nichukue kazi au niiache? Na huyu mzee nimpite kimya kweli? Na mjomba akisema nimrudishie mashine yake, nifanye nini?

Mpwa, Newala

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu.

Mzee S. msalimie. Ukikutana naye njiani mpe shikamoo yake yote, kwa sauti ya kusikika, hata kama mjomba yuko nyuma yako. Shikamoo ni haki ya umri wake, haina uhusiano na nani mwenye mikorosho. Kijana akimpita mzee wa kijiji kimya, watu hawaulizi huyo mzee kafanya nini. Wanauliza huyu kijana kalelewa na nani. Na aliyekulea wewe anajulikana kijiji kizima. Mwambie mjomba hivyo hivyo, kwa upole, uone kama atakuwa na jibu.

Sasa tuje kwa Mreno, maana mjomba kaileta historia na mimi siwezi kuiacha ikapita nusu.

Kwa sehemu kubwa yuko sahihi, na ana haki ya kujivuna. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na kwa miaka yote kumi ya vita hivyo huku kusini ndiko mgongo wao ulikoegemea. Kambi ilikuwa Nachingwea. Hospitali yao, ya Américo Boavida, ilikuwa hapa Mtwara. Watu wa kusini walijua nani anapita, anakwenda wapi, kabeba nini, na walinyamaza. Walitoa njia, chakula, mabega na kufunga mdomo. Mjomba wako ni mmoja wao, na ninapomsoma kwenye barua yako namwona ni mtu anayejua maana ya kusimama na mwenzake.

Ila kaiacha hadithi katikati. Aprili 1974 serikali ya Lisbon ilipinduliwa na wanajeshi wake wenyewe. Juni mwaka huohuo, Lusaka, Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, na Mário Soares, waziri wa mambo ya nje wa Ureno, walikumbatiana watu wakiwaona. Vikao vikaendelea, vingine vikafanyika Dar es Salaam kwetu wenyewe, na tarehe 7 Septemba wakatia saini Lusaka. Waliompa Mreno mkono ni FRELIMO haohao, watu waliomzika Eduardo Mondlane, kiongozi wao wa kwanza, aliyeuawa kwa bomu mwaka 1969. Na Tanzania haikununa. Haikuwaambia, "Mbona tulikuwa tunawachukia kwa ajili yenu, leo mnakumbatiana?" Iliwafungulia vyumba vya mikutano. Mwaka uliofuata Samora akaanzia safari yake ya kwenda Maputo huku huku kusini, akavuka Ruvuma kama kiongozi wa nchi.

Kwa hiyo muulize mjomba, kwa heshima na siku ambayo ameshiba: siku yeye na Mzee S. wakipatana, wewe utakuwa wapi? Usicheke, hutokea. Msiba mmoja, mjukuu wa huku akimpenda wa kule, ugonjwa, na wazee wawili utawakuta wamekaa benchi moja wanakunywa chai. Wenye ugomvi wakipatana, aliyekuwa anaushika kwa niaba yao ndiye hubaki nao mkononi, hajui pa kuutua. Wewe una miaka 32. Mtaishi na watoto wa Mzee S. kijiji hicho muda mrefu baada ya hao wazee.

Unavyosema, mjomba anakudai vitu viwili na amevifunga furushi moja. Cha kwanza ni chake kweli: nguvu zako, siri zake, kuja kwako mbio akiita, kutosimama upande wa pili siku ya shauri. Hivyo mpe vyote bila kupima. Cha pili ni chuki yake. Hiyo hukulelewa nayo wala haimo kwenye ada ya shule aliyokulipia.

Kazi, basi. Mimi naona uichukue, lakini kwanza nina wasiwasi wangu na Mzee S. na sitauficha. Newala mashine za kupulizia si chache. Kwa nini wewe? Kwa nini bei ya juu? Na lile swali la mpaka mlangoni, nani huuliza swali la namna hiyo kwa mzaha? Inawezekana amechoka na ubwiriunga na anajua wewe hupulizii kwa kuiba salfa. Inawezekana pia ananunua mlango wa kuingilia kwa mjomba wako. Pengine yote mawili, watu hawana nia moja moja. Huna haja ya kumchunguza moyo. Weka masharti ambayo, hata kama nia ni mbaya, hayatampa kitu.

Bei chukua ileile wanayolipa wengine. Ile nyongeza mrudishie kabla hujaipokea. Mwambie, "Mzee, natoza bei moja kijiji kizima." Ile ziada si ya kupulizia, na siku ukiambiwa ni ya nini utakuwa umeshaila. Malipo yawe raundi kwa raundi, na kila raundi muandikiane. Akikuuliza tena habari za mjomba usicheke kama ulivyocheka, maana kicheko ni jibu. Sema, "Hayo muulize mwenyewe, mimi nimekuja na mashine tu." Ukilisema mara ya kwanza bila kutikisika hatauliza mara ya tatu. Na yale utakayoyaona shambani kwake, magunia mangapi, nani kaja na gari, usiyapeleke kwa mjomba hata akikubembeleza. Hapo ndipo wengi huanguka: wanadhani uaminifu ni kumletea rafiki habari za upande wa pili. Ukimletea mjomba za Mzee S., mjomba mwenyewe ataanza kujiuliza unapeleka nini ukiwa kule.

Nchi hii imewahi kufanya kazi na mahasimu wawili njia moja. Kati ya 1970 na 1975 Wachina walitujengea reli ya kwenda Zambia, na Wamarekani walisaidia barabara ya kwenda hukohuko Zambia. Wakati huo serikali zao hata mabalozi hazikupeana, walipeana 1979. Reli ilijengwa, barabara ilijengwa, na hakuna aliyepewa ufunguo wa stoo ya mwenzake.

Kabla ya kumjibu Mzee S., mjomba alisikie kwako. Alishalisikia njiani mara moja, hilo lisijirudie. Usiende kuomba ruhusa, nenda kumpa taarifa, ila kaa kwenye mkeka kama anayeomba. Wala usianze na hela. Anza na ubwiriunga, kwa sababu hiyo ndiyo hoja ambayo mkulima wa korosho hawezi kuikataa. Ule ni ukungu unaopeperushwa na upepo, unashika majani machanga na maua, na haujui rehani ni nini. Shamba la jirani likichelewa kupuliziwa, salfa yako ya kila wiki mbili inapigana na ugonjwa unaoletwa upya kila siku. Umeliona mwenyewe mwaka jana. Mwambie, "Mjomba, nikipulizia kule nalinda hapa. Na kila raundi naanza na shamba lako, bure kama siku zote, la kwake linafuata." Hiyo zamu ishike msimu mzima, hata siku Mzee S. akiwa na haraka na mjomba kasafiri. Watu wataona nani anaanza.

Mke wako usimtaje kabisa kwenye mazungumzo hayo. Ukisema mbele ya mjomba "mke wangu anasema hela ni hela" umekwisha, na yeye kakwisha pamoja na wewe.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko salamu. Ule mstari wa mikorosho ishirini. Mzee S. amesema umpulizie "shamba lake lote". Lote mpaka wapi? Usiiguse hiyo mikorosho kwa hela ya Mzee S., na msimu huu usiiguse kwa niaba ya mjomba pia. Kupulizia, kupalilia na kuokota mwaka hadi mwaka ndivyo vitu mtu anavyokuja kuvisema mbele ya baraza akitaka kuonyesha kwamba shamba ni lake. Mzee S. akiwa na daftari lenye saini yako kwamba ulilipwa kupulizia mstari ule, wewe mpwa umegeuka shahidi wake bila kujua. Sisemi ndiyo mpango wake. Nasema daftari halijui mpango.

Najua utaniambia ukiachwa bila dawa, ukungu utaanzia hapohapo. Kweli. Ndiyo sababu uende kwa mtendaji wa kijiji sasa, maua hayajachomoza, umwombe awaite wazee wote wawili kwa jambo hilo moja tu: mstari upuliziwe, gharama nusu kwa nusu, na iandikwe kwamba kupulizia si ushahidi wa umiliki. Mara nyingi watu wasioweza kukubaliana shamba ni la nani wanaweza kukubaliana lisife. Wakikataa, uache ukauke, na wewe usiwe uliyeukausha.

Kesi yenyewe ina mahali pake, na si kwenye mashine yako. Kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, kazi yao ni kusuluhisha. Wakishindwa kuna Baraza la Kata. Nasikia watu bado wanatishana "tutaonana kata, kata itaamua". Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kata haiamui tena mashauri ya ardhi, inasuluhisha, na muda wake ni siku 30. Ikishindikana ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko kwenye maamuzi. Mwambie mjomba aanzie kijijini wakati wazee wachache wapo. Unasema mashahidi wamekufa. Mmewauliza kina bibi? Rehani huwekwa na wanaume, lakini waliokuwa wanaokota korosho chini ya ile mikorosho miaka ile, na waliokatazwa kuokota, ni wanawake. Wao watakumbuka ni msimu gani walirudishwa na nani. Siku ya baraza wewe mpeleke mjomba, kaa nyuma yake, na msimu ule kazi ya Mzee S. isimame mpaka shauri liishe. Hilo nalo umwambie Mzee S. siku ileile unapokubali, asije akasema umemgeuka.

Kwenye hilo la kuhamisha korosho, mjomba kaniridhisha kidogo. Amekasirika lakini bado anapeleka chama, hajakimbilia kangomba, wanunuzi wa magendo. Wako wenye hasira ndogo kuliko yake waliouza usiku kwa bei ya kutupa, wakajuta siku ya mnada.

Lile neno lake zito, "usiniite mjomba", usilijibu wewe. Mpwa halijibu, akilijibu linakuwa kweli. Mtafute mtani wa ukoo wenu, mtu mzima anayeweza kuingia kwa mjomba bila hodi na kumwambia, "Wewe mzee, ulibebea mizigo FRELIMO wakapatana na Mreno, leo salamu ya mtoto inakutoa jasho?" Mjomba atatukana, mtani atatukana, na neno litakuwa limefika mahali ambapo wewe huwezi kulifikisha.

Sasa mashine. Kwanza jiulize kama alikupa au alikukopesha, maana kwenye barua hukusema, na nadhani hata kati yenu hamkusema. Lakini akiitaka, mpe. Usibishane, usimkumbushe mashamba uliyompulizia bure.

Mwalimu Nyerere aliwahi kubanwa hivyo na mfadhili. Baada ya Muungano wa 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa tayari iko Zanzibar, na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa inatusaidia kujenga jeshi, haikutaka kuiona. Mwalimu alipokubali Wajerumani Mashariki wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, Magharibi wakaondoa msaada wa kijeshi mwaka 1965. Yeye akawaambia basi wachukue na ule mwingine. Tuliumia, tusidanganyane, misaada ile ilikuwa na kazi. Lakini uhusiano haukuvunjwa, na ubalozi wao haukufungwa.

Kwa hiyo ikifika huko, isafishe salfa yote, jaza petroli, ipeleke mwenyewe mchana watu wakiona, usimtume mtoto. Mshukuru kwa miaka uliyoitumia. Halafu kodi nyingine, bei ya Mzee S. ibaki ileile, na raundi ikifika anza na shamba la mjomba.